Skii za Mowinckel: florini iliyobaki bila mpakaji

Tarehe 28 Oktoba 2023, siku ya Jumamosi, kule Sölden nchini Austria wadada wa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni uteleze kwenye theluji, walikuwa wanafungua msimu wa Kombe la Dunia juu ya barafu ya kudumu ya Rettenbach. Mbio zenyewe za slalomu kubwa, unashuka mara mbili wanajumlisha muda. Akashinda Lara Gut-Behrami wa Uswisi, wa pili Federica Brignone wa Italia, wa tatu Petra Vlhová wa Slovakia, na nafasi ya sita akashika Ragnhild Mowinckel wa Norway. Wa sita siyo haba, ni pointi 40 hizo na msimu ndo kwanza unaanza. Alafu wakachukua skii zake wakaziwekea mashine, mashine ikatoa rangi nyekundu. Florini, kemikali iliyopigwa marufuku kwenye nta ya skii. Matokeo yakafutwa, pointi hamna, na dada wa watu akaingia kwenye historia kama mtu wa kwanza kwenye Kombe la Dunia kufutiwa matokeo kwa ajili ya nta iliyoko chini ya skii.

Kwanza niseme ukweli, mimi skii sijawahi kuvaa hata siku moja. Nimekulia Moshi, mlima naujua kwa kuuangalia alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na theluji niliyowahi kuishika ni ile ya kukwangua kwenye friza. Lakini hiki kisa kimenikaa kichwani mana naona watu wanakiongelea kama kisa cha wizi michezoni, amechakachua au hajachakachua, wakati ukikikalia chini vizuri ni kisa cha uchafu. Timu ya Norway walishangaa wakasema wanachunguza. Msimu ule ulikuwa wa kwanza wa marufuku, kila timu inajua mashine ipo, inajua ukikamatwa ni aibu ya dunia nzima, sasa nani mwenye akili zake apake florini kwenye mbio za kwanza kabisa? Binafsi siamini kuna aliyekaa akaamua kupaka. Sasa kama hakuna aliyepaka, ilitoka wapi?

Twende kwenye nta yenyewe, hapo ndo penye utamu.

Skii kwa chini ina bapa la plastiki ngumu, familia moja na plastiki ya madumu. Ukishuka nayo kwa kasi msuguano unayeyusha theluji kidogo sana, panapatikana utando mwembamba wa maji, na hayo maji ndiyo yanakutelezesha, ila yakizidi yanakugeuka, yanainyonya skii chini kama kandambili kwenye tope la masika. Ndo mana wanapaka nta. Na wanaipaka kwa pasi jamani, pasi ya umeme kabisa inayofanana na hii ya nguo, nta inayeyuka juu ya plastiki, wanasubiri ipoe, wanaikwangua, wanapiga brashi mpaka ing'ae. Ni kazi ya mikono na ina mafundi wake, timu kubwa zinatembea na malori yaliyogeuzwa karakana, na fundi wa nta mzuri anagombaniwa kama kocha.

Miaka ya 80 ikaingia nta yenye florini na mambo yakabadilika. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga maji juu ya jani la gimbi ameshaielewa hii teknolojia bila kwenda shule, maji yanajikunja yanakuwa tone, tone linaviringika linaanguka, jani limebaki kavu kama halijaguswa. Florini inaigeuza ile plastiki kuwa jani la gimbi. Na siyo maji peke yake, hata mafuta na vumbi la kwenye theluji havishiki. Theluji ikiwa ya majimaji, siku yenye kajoto, mwenye florini anakuacha hivi hivi unamuona, we unasukuma mpaka mapafu yanataka kutoka mwenzako anapaa tu. Kikopo cha unga wa florini cha gramu 30 kilikuwa kinauzwa zaidi ya dola 100. Gramu thelathini ni kama vijiko viwili vya chakula! Na hicho kitu unakipaka kwa mbio moja, kesho unapaka tena.

Kwa hiyo ilikuwa pia ni ishu ya mwenye nacho na asiye nacho. Wakongwe mtamkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 akafundishwa skii akaenda Nagano Japani mwaka 1998, akamaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, na yule mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akagoma kuondoka akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Boit mpaka mtoto akampa jina la Dæhlie. Hizo ndo zilikuwa enzi za florini, na sisemi Boit alishindwa kwa sababu ya nta, mtu ameanza kuona theluji juzi juzi, ila timu ndogo zote zilikuwa zinajua kuna mchezo unachezwa ndani ya lile lori la nta kabla ya mchezo wenyewe kuanza.

Sasa ubaya wake. Kaboni ikishikana na florini kile kifungo ni kati ya vifungo vigumu kabisa kwenye kemia, jua halikivunji, bakteria wa udongo hawakiwezi, tumbo la mnyama haliwezi, ini lako haliwezi. Haya makemikali yako maelfu na kwa ujumla wake yanaitwa PFAS, wengine wanayaita kemikali za milele. Iliyokuwa maarufu kwenye nta za zamani ni PFOA, yenye mnyororo wa kaboni nane. Gimbi la shambani jani lake likianguka wiki kadhaa limeoza limekuwa udongo. Hili jani la kiwandani haliozi, na sifa ile ile iliyofanya lilipiwe dola mia ndiyo inayofanya lisiondoke, huwezi ukachukua moja ukaacha nyingine.

Na swali ambalo miaka yote halikuulizwa kwa sauti ni hili dogo tu, nta ikiisha kwenye skii inakuwa imeenda wapi? Haipotei hewani kama maombi ya mvivu. Inabaki kwenye theluji, inakwanguliwa kidogo kidogo kila mita. Kule Marekani jimbo la Maine, mtafiti mmoja anaitwa Gail Carlson wa chuo cha Colby alichukua sampuli kwenye njia za skii baada ya mashindano ya wanafunzi, akachapisha 2020, na kilichoonekana kinaeleweka hata kwa mtoto: pale kwenye mstari wa kuanzia PFAS zimejaa, ukisonga mbele kwenye njia zinapungua, ukisonga tena zinapungua, yaani ni kama kufuata gari linalovuja oili. Akapata pia kwenye udongo na kwenye maji ya chini ya ardhi. Na hayo ni mashindano ya vyuo, siyo Kombe la Dunia.

Sisi watu wa mlimani hili tunalijua kwa njia yetu. Kwetu kuna mifongo, mifereji ya kizamani waliyochimba Wachagga kuyatoa maji juu msituni kuyaleta kihambani, yaani shamba la nyumbani, na mfongo una zamu zake na sheria zake, na kosa moja ambalo wazee walikuwa hawacheki nalo ni la mtu wa juu kuchafua maji wakati wa chini hawajachota. Huko Sölden barafu ikiyeyuka kiangazi maji yanashuka mpaka mto Ötztaler Ache, unaingia Inn, Inn unaingia Danube, na Danube unakwenda mpaka Bahari Nyeusi. Ule ni mfongo tu, mkubwa.

Turudi kwenye mashine. Shirikisho la skii duniani, FIS, lilitangaza marufuku ya florini Novemba 2019, likasema ianze msimu wa 2020/21. Haikuanza. Tatizo lilikuwa kupima, utampimaje mtu skii pale kwenye baridi ndani ya dakika chache na jibu liwe la uhakika kiasi cha kumfutia mtu matokeo? Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, Olimpiki ya Beijing 2022 ikapita marufuku haijaanza, mpaka msimu wa 2023/24 ndo ikaanza kweli kweli, na wale wa biathloni, mchezo wa skii na kulenga shabaha kwa bunduki, nao wakaanza msimu huo huo. Mashine waliyoipata inatumia mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Unailaza skii, unagusisha mashine chini yake sehemu kadhaa, inapiga mwanga, na kwa kuwa kile kifungo cha kaboni na florini kinameza mwanga wa aina yake, mashine inaangalia ni mwanga gani haukurudi inajua kuna nini. Inatoa rangi kama taa za barabarani, kijani pita, njano jiangalie, nyekundu kwaheri. Mowinckel alipata nyekundu.

Sasa tukae tuchambue, kama hakuna aliyepaka florini ingefikaje pale? Njia ni nyingi kuliko unavyodhani na hapa ndo kisa kinaponoga.

Anza na brashi. Fundi wa nta ana brashi alizotumia miaka, za nailoni, za shaba, na kila nywele ya brashi imeshakula unga wa florini misimu na misimu. Hata ukiiosha haitoki, na ushauri uliokuwa unatolewa kwa timu ulikuwa nunua mpya usihangaike. Alafu meza. Meza ya kupakia nta imemwagikiwa mara ngapi? Alafu pasi yenyewe, alafu aproni, alafu mkanda wa kufungia skii mbili zisigombane, alafu begi la skii. Alafu skii zenyewe, skii ya mtu wa mashindano siyo kiatu cha shule, ikiwa na kasi nzuri inatunzwa inarudiwa mwaka baada ya mwaka, na ile plastiki ya chini imeiva na nta ya miaka. Wengi walizipeleka zisagwe kwa jiwe zitolewe tabaka la juu, lakini na lile jiwe nalo limesaga skii za nani kabla yako? Alafu kuna theluji. Ile njia mnayoshuka nyie mabingwa, jana kashuka mtalii na skii zake za 2014 zenye nta aliyoinunua kwa mapunguzo dukani, yeye hapimwi na mtu.

Kwa hiyo unamtaka mtu awe msafi ndani ya nyumba ambayo uchafu umeshaingia mpaka kwenye lipu. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwa skii za Mowinckel, nasema hiyo orodha peke yake inatosha kukuonyesha kitu kilivyo. Ukitumia sukari kwenye chai leo ukaacha, kesho kijiko ni kisafi. Hii siyo sukari.

Je FIS walimuonea? Hapa najua nitapishana na watu. Mimi naona walikuwa sahihi kumfutia, ingawa inauma. Ukishakubali tu kwamba "ilijipaka yenyewe" ni utetezi, basi Jumamosi inayofuata skii zote za dunia zitakuwa zimejipaka zenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba bili ya miaka zaidi ya thelathini ya kampuni, mashirikisho na matimu imekuja kupelekwa kwa mtu mmoja, kwa pointi 40, huyu dada mwenye medali mbili za fedha za Olimpiki ya Pyeongchang 2018 (ile ile ambayo dada yetu Sabrina Simader aliishukia Kenya) akawa ndo sura ya florini kwenye magazeti. Machi 2024 akastaafu.

Mana mwili wa kwanza kusema ukweli kuhusu florini haukuwa wa mwanamichezo, ulikuwa wa fundi. Msimu wa 2007/08 watafiti wa Sweden waliwafuata mafundi wa nta wanane wa timu za taifa za Sweden na Marekani, wakawa wanawatoa damu msimu mzima. Mswidi wa kawaida kipindi hicho alikuwa na kama nanogramu 2.5 za PFOA kwenye mililita moja ya damu. Wale mafundi ukiwapanga kwenye mstari, wa katikati alikuwa na 112. Mara arobaini na tano! Na aliyekuwa nayo nyingi kuliko wote alifika 535. Na walivyochunguza zaidi wakakuta siyo PFOA ya moja kwa moja tu wanayovuta, ule moshi wa pasi una makemikali mengine ya florini ambayo yakiingia mwilini, mwili wenyewe unayageuza kuwa PFOA, yaani unajitengenezea sumu mwenyewe kwa bidii zote. Kwenye damu PFOA inachukua miaka kama mitatu hivi kupungua nusu tu. Kwa hiyo fundi akiacha kazi leo, baada ya miaka mitatu bado anayo nusu, baada ya sita robo.

Hebu pata picha ya kile chumba. Nje digrii chini ya sifuri, madirisha yamefungwa, pasi zina joto kali kwa sababu ule unga haukubali kuyeyuka kwa moto wa kawaida, moshi mweupe umejaa na jamaa anainamia skii pua iko sentimita thelathini kutoka kwenye pasi, saa kumi na mbili kwa siku. Huku Bongo tunawajua mafundi wa hivyo, mpiga rangi wa magari bila barakoa, mchomeleaji mwenye miwani ya jua ya elfu tatu. Kumbe na Ulaya wapo, tena kwenye mchezo wa matajiri. Ripoti za damu zilichapishwa 2010, marufuku ya kweli ikaja 2023. Novemba 2023 hiyo hiyo, wiki chache baada ya Sölden, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likaiweka PFOA kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Na huko chini kwenye udongo kuna wengine ambao hata hawakuulizwa. Trondheim, Norway kuna uwanja mkubwa wa skii unaitwa Granåsen. Watafiti wa chuo kikuu cha pale, Randi Grønnestad na wenzake, walichukua udongo, nyungunyungu, na vipanya vya msituni vyenye mkia mfupi, alafu wakachukua hivyo hivyo kutoka Jonsvatnet, sehemu ya ziwa na msitu isiyo na njia za skii. Wakachapisha 2019. PFAS za Granåsen zilikuwa nyingi zaidi, na kikubwa siyo wingi tu ni sura yake, ile minyororo mirefu ya kaboni inayofanana na ya kwenye nta ndiyo ilikuwa imetawala kwenye vile vipanya. Ni kama ukutwe na nyama mdomoni alafu mbuzi wa jirani hayupo. Na baadaye, 2021, wakaja na nyingine: vipanya vya Granåsen vilikuwa na dopamini nyingi zaidi kwenye ubongo kuliko wenzao. Dopamini ndiyo inayoongoza mambo ya hamu, mwendo, woga. Panya anayetakiwa kuogopa bundi, ukichezea hicho kitu kwenye kichwa chake sijui unategemea nini.

Nisiwe muongo, siyo kila PFAS iliyoko mlimani imetoka kwenye nta. Hata Jonsvatnet zilikuwepo. Mwaka 2022 watafiti wa Stockholm wakiongozwa na Ian Cousins walionyesha maji ya mvua duniani kote, mpaka kwenye nyanda za Tibet, yana hizi kemikali kupita vile viwango vya maji ya kunywa ambavyo Marekani walikuwa wamependekeza. Zinatoka viwandani zinapanda hewani zinarudi na mvua. Ndo mana ile sura ya minyororo ni muhimu, inakusaidia kujua ya mvua ni ipi na ya lori la nta ni ipi.

Kuna kingine ambacho nacho kinapanda mlima kila siku na hakina mashine ya kukipima getini, majaketi. Koti zuri la mvua, hema, buti, glavu, begi, kitambaa chake kwa juu kilikuwa kinapakwa florini kwa sababu ile ile ya jani la gimbi. Ukilivaa linasuguana na begi, na mwamba, ukilifua linaachia. Mwaka 2015 Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, walituma watu sehemu nane za mbali, mojawapo Torres del Paine kule Chile, nyingine milima ya Altai, nyingine Tatra za Slovakia, wakachukua theluji na maji, na wakakuta PFAS. Msafara wa kisayansi wa 2019 kule Everest nao ulirudi na theluji, Kimberley Miner na wenzake wakaipima, wakazikuta, na wakanyooshea kidole vifaa na nguo za wapandaji wenyewe. Juu ya Everest, jamani, ambako mtu anapanda kwa ajili ya kuona kitu kisichoguswa.

Na sheria, hadithi yake ni ya paka na panya. Umoja wa Ulaya wakaipiga marufuku PFOA Julai 2020, vizuri. Viwanda vikahama kutoka kaboni nane kwenda kaboni sita, wakasema hii ni fupi haikai mwilini muda mrefu. Kweli haikai sana mwilini, ila kwenye maji inatembea haraka kuliko ile ndefu na kuichuja ni kazi zaidi, kwa hiyo ni kumhamisha mwizi kutoka jikoni kwenda sebuleni. Ya kaboni sita nayo Ulaya wameiwekea sheria Septemba 2024. Vermont Marekani walipitisha sheria 2021 ikaanza Julai 2023, nta yenye PFAS haiuzwi. Na Ufaransa, ambao naona ndo wamefunga mlango vizuri kidogo, sheria yao ya Februari 2025 imeweka nta ya skii, nguo, viatu na vipodozi kwenye kapu moja, kuanzia 1 Januari 2026. Hilo kapu moja nimelipenda. Mana ukimbana mchezaji wa skii peke yake ukamuacha anayemtazama akiwa amevaa koti lenye kitu kile kile, theluji haijui tofauti.

Mwaka 2025, kuanzia mwisho wa Februari, mashindano ya dunia ya skii za mbio na kuruka yalifanyika Trondheim, tena pale pale Granåsen. Marufuku ya florini inatumika, mashine zipo. Skendo iliyotikisa safari hii ikawa nyingine kabisa, suti za warukaji wa Norway zilizochezewa mshono. Nilicheka kidogo, nikawaza vile vipanya. Ile mashine imetengenezwa kugusa chini ya skii tu, na chini ya skii pale palikuwa na theluji, na chini ya theluji udongo ule ule wa 2019.

Mimi nina jaketi moja nililinunua mtumba soko la Memorial hapa Moshi miaka kama nane iliyopita, lebo imeshafutika, kwa muonekano ni la mzungu wa kupanda mlima. Mwanzoni nilikuwa nawaonyesha watu, namwaga maji ya chupa begani yanaviringika yanaanguka chini, bega kavu kabisa, vijana wa kubeba mizigo mlimani, wale wagumu, waliwahi kunipandia bei nikakataa. Masika haya nimelivaa nikalowa mpaka shati. Maji hayaviringiki tena, yanazama. Ile gimbi yote imeshatoka, na kwa miaka yote nane nimekuwa nalifulia uani kwenye beseni, maji ya kufulia namwaga pale pale kwenye migomba, na chini ya ile migomba unapita mfongo.